Kioo Juu ya Plasta

Nimepiga chuku maisha yangu yote na sikuwahi kumdhuru mtu. Niliwahi kuwaambia mafundi wenzangu kwamba enzi za nguvu zangu nilipiga plasta ukuta wa ghala moja, ukawa laini hata nzi wakashindwa kutua. Waliteleza, wakaanguka, na mwenye ghala ikabidi aajiri mtu wa kuwazoa kwa chepe. Niliwaambia pia habari za ngazi niliyoijenga, ndefu mno, hata jamaa niliyemtuma chini akachukue maji alirudi na ndevu. Watu walicheka, wakapokea, wakaongeza vyao. Uongo wa namna hiyo hauna wa kumlilia, labda wale nzi.

Ni uongo wangu mmoja tu uliomuumiza mtu, na huo sikuutamka. Nilitikisa kichwa, basi.

Mimi ni mwashi mstaafu. Mtaani wananiita Mzee Chokaa, kwa sababu kwa miaka arobaini sikurudi nyumbani hata siku moja bila weupe kwenye nyusi, na sasa nyusi zenyewe zimekuwa nyeupe bila msaada wa mtu. Mke wangu, Mama Pacha, alinivumilia mimi na vumbi langu katika nyumba tisa za kupanga. Pacha wetu walipokwisha kuoa na kuolewa na kwenda zao, aliniambia, "Mzee, umewajengea watu nyumba tangu nikujue. Mimi nataka ukuta mmoja tu, ambao nikipigilia msumari hakuna mtu wa kuja kuniuliza."

Ombi dogo hilo. Ila alitaka ukuta huo uwe katikati ya mji, kwenye mitaa ile ya zamani niliyokulia kazini, ambako maghorofa yamesongamana hata ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuuliza kama umekunywa dawa. Tulitafuta mwaka mzima. Dalali mmoja alituonyesha fleti ambayo mlango wa choo haufungi mpaka ukae kiubavu. Mwingine alitusifia dirisha, na kweli dirisha lilikuwa zuri, ila nyuma yake kulikuwa na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuugusa. Mama Pacha akaunyooshea mkono, akaugusa, akamwambia dalali, "Huyu jirani nishamsalimia. Twende kwingine."

Ndipo Shangazi Sindano akaniita nikamtazamie ufa.

Shangazi Sindano alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, mjane asiye na mtoto, na alikuwa ameishi miaka arobaini na moja ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mtaa mzima ulimwita shangazi, mpaka watu waliomzidi umri. Mimi nilimwita dada, kwani zamani, kabla sijaoa, yeye ndiye aliyenitilia viraka kwenye suruali za kazi, na hakuwahi kunicheka kwa mahali zilipochanika.

Fleti yake ilikuwa vyumba viwili na roshani. Dari ya juu, sakafu iliyolika katikati kama sabuni, cherehani mbele ya dirisha. Kila asubuhi muuza mikate alisimama chini akaita, "Shangazi, kikapu!" Naye aliteremsha kikapu kwa kamba kupitia uzio wa chuma wa roshani, akakipandisha na mkate ndani. Kamba hiyo ilikuwa imepita hapo miaka mingi hata chuma kikalika na kufanya mfereji mwembamba. Mama Pacha, ambaye siku hiyo alinifuata ili amsalimie tu, alipitisha kidole kwenye mfereji ule.

Ufa wenyewe ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda hadi darini, mwembamba kama uzi.

"Mpwa wangu ameuona," akasema Shangazi. "Anasema jengo limezeeka, niuze, nikakae nao huko pembezoni. Ananipenda yule, lakini anapenda kama mtu anayekunja nguo. Hana raha mpaka kila kitu kiwe kabatini. Sasa niambie wewe, Fundi. Nyumba inaanguka au haianguki?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimelisha watoto kwa methali hiyo. Lakini fundi mkweli haanzi kwa kuziba. Kuna ufa uliolala na kuna ufa unaotembea, na kwa macho huwezi kuutenganisha. Unaupima kwa kioo. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakivusha juu ya ufa kama daraja, unakibandika kwa jasi huku na huku, unaandika tarehe. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo hakina subira, kinakatika. Kikikaa kizima, ufa umelala, ziba ukalale na wewe.

Nilimweleza yote hayo. Akafikiri, akasema, "Basi kioo kitaamua. Miezi mitatu. Kikivunjika, nauza, namfuata mpwa wangu. Kisipovunjika, nafia hapa hapa, naye aache kunipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama nimeanguka."

Tuliposhuka ngazi, Mama Pacha alisimama kwenye kona ya ghorofa ya kwanza kupumzisha magoti. Akasema, "Nyumba kama ile." Hakuongeza kitu. Mwanamke aliyehama mara tisa na masufuria kichwani hahitaji kuongeza kitu.

Kesho yake nilirudi peke yangu na kioo, jasi na tindo. Nikaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kando ya ufa. Ukaitika kwa sauti ya debe tupu. Mwashi yeyote anaijua sauti hiyo. Maana yake plasta imeachana na tofali, imebaki imening'inia tu kama koti kwenye msumari. Hapo huruhusiwi kubandika kioo. Unabandua plasta kwanza, unafika kwenye tofali, unaangalia kama ufa upo huko pia, na kioo unakibandika kwenye tofali lenyewe. Ukikibandika juu ya plasta iliyoachia, utakuwa unapima koti badala ya kumpima mwenye koti.

Nikashika tindo. Shangazi Sindano akageuka kwenye cherehani.

"Fundi, leo usinitimulie vumbi, nakuomba. Tazama."

Mezani, kwenye kiti, hadi kitandani, kulikuwa na gauni jeupe la harusi, mita na mita za kitambaa. Bibi harusi alikuwa anakuja kulichukua Jumamosi.

"Sawa, dada," nikasema. "Leo nitakibandika hapa juu tu. Wiki ijayo gauni likishaondoka, narudi, nakishusha mpaka kwenye tofali."

"Utakuwa umenisaidia sana."

Ningependa niishie hapo, niseme ni gauni. Mara nyingi nimejaribu kujieleza hivyo, na mpaka leo sehemu ya gauni naisema vizuri sana. Lakini nilipokuwa nakoroga jasi nilisikia, wazi kama nilivyosikia ule ukuta, Mama Pacha akisema nyumba kama ile.

Wiki iliyofuata sikurudi. Jumatatu goti liliuma, na kweli liliuma. Jumanne liliacha kuuma, nikakaa nalisubiri liume tena. Alhamisi nilipita chini ya jengo lake, nikanunua mkate nisiouhitaji, nikainua macho dirishani, nikaenda zangu. Nilijua pia habari za lile duka la chini. Mlango wake ulikuwa wa bati, wa kusukumwa juu, na kila asubuhi mwenye duka aliusukuma kwa hasira ya mtu aliyeamka na madeni, hata vijiko vya ghorofa ya pili vikatetemeka ndani ya vikombe. Plasta iliyoshika haitishwi na mlango wa duka. Iliyoachia, kila asubuhi inacheza.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. "Fundi, njoo. Kimevunjika."

Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta, subana yake ya kushonea ingali kidoleni. Kioo kilikuwa kimekatika katikati, mkato safi kabisa. Nikasogeza jicho. Nikalowesha kidole kwa mate nikakipitisha kwenye ufa. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikafumba jicho moja. Hayo yote yalikuwa maigizo. Ningeweza kusema sentensi moja: dada, sikukibandika inavyotakiwa, nipe leo nibandue plasta tuone. Ilikuwa mdomoni, imeshavaa viatu.

"Sema basi," akasema.

Sisi waashi tuna kutikisa kichwa kwa namna mbili. Moja ni ya kazi ngumu ambayo mteja akijikaza inawezekana. Nyingine ni ya msibani. Mimi nilimtikisia ya pili.

Hakulia. Alivua subana, akaiweka kwenye mkebe wake wa vifungo, halafu akabandua vile vipande viwili vya kioo kwa ncha ya mkasi, akaviweka humo humo. "Miaka arobaini na moja," akasema, akiutazama ukuta. "Kumbe ulikuwa unatembea, na sijasikia hata hatua moja."

Wanunuzi walikuja. Yeye mwenyewe, kwa uaminifu wake, aliwaonyesha ufa kabla hawajaketi, nao wakashuka ngazi kwa haraka kuliko walivyopanda. Mwishowe ni yeye aliyesema, "Fundi, wewe unajua kuzishika kuta. Chukua wewe. Ila niahidi utaufunga kwa vyuma, maana huyo Mama Pacha simtaki chini ya kifusi." Niliahidi. Tukainunua kwa bei ya nyumba inayosubiri kuanguka. Mpwa wake, karani wa bima, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee wangu, umeokoa maisha ya shangazi yangu." Mkono ule niliuosha mara tatu.

Tulihamia. Mama Pacha alipigilia msumari wake siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua mizigo. Akatundika picha ya pacha, akakaa kitako sakafuni, akautazama msumari zaidi ya picha. Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi kama saa nzima.

Halafu ikaja asubuhi, na sauti chini ikaita, "Shangazi, kikapu!"

Mama Pacha alitoka roshanini. "Ameshahama, baba."

"Ah. Samahani, mama. Mdomo umezoea."

Mdomo huo ulizoea kwa wiki tatu. Kila asubuhi aliita, akakumbuka, akaomba radhi, na kila asubuhi chai yangu ilipoa kikombeni. Wanawake wa ghorofa ya tatu walikuja kuuliza Shangazi amehamia wapi, nani sasa atawapunguzia sketi. Mama Pacha aliwakaribisha, wakakaa, wakazungumza habari za mtu ambaye hayupo, kwenye chumba chake, mbele yangu. Nilikuwa nikijifanya natafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Siku moja Mama Pacha alipokwenda sokoni, nilichukua tindo nikabandua plasta yote kando ya dirisha. Ilianguka yenyewe, karibu bila kupigwa. Nyuma yake matofali yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, viungo vyake vimejaa, imara kama siku yalipowekwa. Ufa haukuwapo. Ulikuwa ufa wa koti tu. Nilikuwa najua, ndiyo, lakini kujua kwa sikio na kujua kwa macho ni vitu viwili. Nikakoroga saruji haraka haraka nikapiga plasta mpya kabla mke wangu hajarudi, na hiyo, Mungu anisamehe, ndiyo plasta nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Pale nzi wangeteleza kweli.

Toka siku hiyo chuku ziliniishia. Nilikaa kwenye benchi la kinyozi, mahali nilipokuwa nikiwavunja watu mbavu, nikawa nasoma bango la bei za ndevu. Kinyozi akaona aibu kwa niaba yangu. "Mzee Chokaa, leo umekuja na nini? Hata ile ya nzi irudie."

Basi nikawaambia. Nikaanza na ufa, nikaja kwenye gauni, mlango wa bati, kichwa nilivyokitikisa. Sikuficha. Nilipofika kwenye matofali mazima, kinyozi alikuwa ameondoa wembe kwenye shingo ya mteja ili asimkate, kwa kicheko.

"Hii ya leo kali," akasema. "Umemtoa ajuza wa watu ghorofani kwa kipande cha kioo."

"Ni kweli," nikasema.

"Ndiyo utamu wake, Mzee, unavyosema ni kweli. Lakini imepungukiwa. Kioo ungekipa mdomo. Kingemwambia Shangazi, toka, toka."

Mteja mwenye povu akasema, "Na gauni lingekimbia lenyewe."

Wakaendelea nayo wenyewe. Nikawaacha. Nilitembea mitaa minne kwa miguu nikijiambia nimeshakiri, mzigo nimeutua. Nikafika mlangoni kwangu, nikaukuta mzigo umetangulia, umekaa kwenye ngazi unanisubiri, na umechukua nafasi yote.

Mama Pacha alikuwa akichambua mchele. Nikakaa mbele yake nikamweleza. Aliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye sauti ya debe tupu, hapo vidole vikasimama. Nilipomaliza nilisubiri acheke, au aniambie niache mchezo.

"Unaposema uongo," akasema, "mikono yako hupiga plasta hewani. Miaka thelathini na nane nakutazama. Leo umeiweka magotini kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu."

"Nilitaka upate ukuta wako."

"Usinitie humo." Alisema taratibu tu. "Mimi niliomba ukuta. Wa mtu sikuuomba."

Akainuka, akafungua sanduku langu la kazi, akatoa koleo. Akashusha picha ya pacha, akaung'oa msumari wake, akaupuliza vumbi, akautia kwenye pochi. Kisha akavaa viatu vya kutokea. "Twende."

Nyumba ya mpwa ilikuwa nzuri, mpya, yenye vigae na geti. Chumba cha Shangazi Sindano kilikuwa chini, nyuma, na dirisha lake lilitazama uzio wa matofali ambayo hayajapigwa plasta. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Kikapu kilikuwa pembeni, kimejaa soksi za kukunja.

Alifurahi kutuona hata akasahau kutukaribisha viti. "Mko hai! Kila mvua ikipiga ngurumo najiambia, sasa hivi wamefukiwa. Jana nimemwambia mpwa wangu apige simu, akasema shangazi, habari mbaya hazihitaji kutafutwa. Umeufunga vyuma, Fundi?"

"Dada," nikasema, "hakuna cha kufunga."

Nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Mpwa alikuwa ameingia na chai, akabaki na sinia mkononi. Nilipofika kwenye kutikisa kichwa, Shangazi Sindano akaanza kucheka. Alicheka polepole, akaongeza, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Wewe mtu. Umesikia nimekonda, umesikia silali vizuri, ukaja na hii. Unataka nifikiri kosa ni lako ili nisiilaumu nyumba yangu. Jamani, Mama Pacha, una mume mwenye huruma."

"Si huruma, dada. Nakuambia ukweli."

"Ukweli ninao." Akafungua mkebe wa vifungo, akachokoachokoa, akatoa vile vipande viwili, akavipanga kwenye kiganja, mkato kwa mkato. "Nikikumbuka kule, huwa naviangalia hivi. Najiambia, usilie, kile kilikuwa kifo chako. Kioo hakina mdomo, Fundi. Wewe unao, na mtaa mzima unaujua."

Mpwa akacheka kwa adabu, akaniwekea chai. Sijawahi kutamani kutukanwa kama siku ile.

Mama Pacha ndiye aliyesema. "Shangazi, tazama mikono yake."

Akatazama. Ilikuwa magotini. Aliitazama kwa muda, na kicheko kikabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Mikono ya wazee hutulia," akasema, lakini hakucheka tena. Akafunga mkebe. "Nipe viatu vyangu, mwanangu," akamwambia mpwa. "Nataka kuona."

Alipanda ngazi zile bila kushika ukuta, akijua kila kidato kilicholika. Ndani alisimama mbele ya plasta yangu mpya, akaigusa kwa mgongo wa mkono.

"Umefanya kazi safi."

"Ndiyo kazi yenyewe ninayokuambia."

Nikachukua nyundo na tindo. Safari hii hapakuwa na gauni la kuogopea vumbi. Nilipiga. Plasta mbichi inashika, haitoki kwa hiari kama ile ya zamani. Nililazimika kuivunja kipande kwa kipande, jasho linanitoka, vumbi linajaa kwenye sahani, kwenye kitanda, kwenye nywele za mpwa na tai yake. Hakuna aliyeniambia nipumzike. Nilipofika darini nikashuka nikakaa kando.

Shangazi Sindano akasogea. Akaweka kidole chake cha subana kwenye kiungo cha matofali pale kwenye kona ya dirisha, akakipitisha juu taratibu, safu baada ya safu, kama mtu anayekagua mshono kwa ndani kabla hajamkabidhi bibi harusi. Alipofika pasipofikika akaomba kiti, akapanda, akaendelea. Mpwa akamshika kiuno. Hakukuta pahali palipofumuka.

Akashuka.

"Siku ile ulipotikisa kichwa," akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Si kwamba ulidhani."

"Nilijua, dada."

Aliketi kwenye kile kiti. Mpwa alianza kusema neno kuhusu polisi, Shangazi akamkatiza kwa kumwinulia kiganja. Nilikuwa tayari anipige. Nilikuwa tayari pia, nakiri, anisamehe. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumtayarishia maneno. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa akitazama alama nyeupe za nyayo zangu sakafuni kwake.

"Mimi nilikutilia viraka," akasema, "na sikumwambia mtu hata mmoja suruali yako ilichanika wapi."

Chini, mtaani, muuza mikate wa jioni akapita. Sijui aliona kivuli gani dirishani. Akaita, "Shangazi, kikapu!"

Shangazi Sindano akainuka mara moja, mkono ukatafuta kando ya mlango wa roshani mahali kikapu kilipokuwa kikining'inia, ukakuta hewa. Mama Pacha, bila kuambiwa, alichukua ndoo yangu ya chokaa, akafunga kamba yangu ya timazi kwenye mshikio wa ndoo, akampa. Shangazi Sindano akaiteremsha. Kamba ikaingia kwenye mfereji wake. Tulimsikia muuza mikate akiuliza ndoo hiyo imetoka wapi, na yeye akamjibu, "Weka mkate, usiniulize maswali."

Alipoipandisha alimgeukia mke wangu, si mimi. "Mtahama lini?"

"Mwisho wa mwezi," akasema Mama Pacha.

Ikawa hivyo. Mwanasheria yule yule aliyeandika karatasi za kwanza aliandika za pili, za kumrudishia nyumba yake, na akatutazama kama watu waliochelewa kupelekwa hospitali. Mpwa hakunishika mkono. Siku ya kuhama nilimuuliza Shangazi Sindano kama naweza angalau kuupiga plasta ule ukuta, bure, vyovyote atakavyo yeye.

"Usiuguse," akasema. "Uache hivyo." Akafungua mkebe wa vifungo, akatoa vipande viwili vya kioo, akavitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupapasa mfuko kuhakikisha vimekaa. "Hivi ni vyako."

Nasikia wasichana wanaokwenda kupimwa magauni huuliza kwa nini chumba kizuri vile kina ukuta wa matofali wazi upande mmoja. Nasikia huwajibu, "Hapo fundi alisahau." Nikipita chini asubuhi kikapu huteremka, na yeye yuko nyuma yake, na hunitazama kama anavyomtazama mpita njia mwingine yeyote. Nanunua mkate wangu, naondoka. Kwa kinyozi bado wananiomba ile ya kioo. Ndiyo wanayoipenda kuliko zote sasa. Nimeisimulia mara nyingi, mikono mfukoni, na hakuna aliyewahi kuiamini.

Sasa tuko kwenye nyumba yetu ya kumi ya kupanga. Mwenye nyumba ni mtu mpole. Nilimuuliza kama tunaweza kupigilia msumari mmoja tu, akasema hata miwili. Nikampelekea Mama Pacha habari hizo jikoni. Alifungua pochi, akautoa msumari ule, akanipa pamoja na nyundo. Nikachagua pahali pazuri, penye mwanga, nikauweka.

"Gonga ukuta kwanza," akasema nyuma yangu. "Usikie."

Nikagonga.